Nani Aliyefuma?

Sisi watu wa visiwani uta tumeurithi katika maneno tu. Tunalo podo, tunao upote, tunalo wano, tunacho kigumba na chembe. Tunayatia maneno hayo katika tungo zetu pale kina kinapotubana au mapenzi yanapotuchoma, na aghalabu yule anayeyatia hajapata hata siku moja kuushika uta wenyewe. Wasasi wetu wa Unguja na Pemba humfuata nguruwe kwa mbwa na mikuki. Uta kwetu ni kitu cha utenzi. Mimi nilikuwa mmoja wa watungaji hao, na sikuiona haya yangu mpaka nilipolazimika kufasiri.

Miaka kumi na ushei iliyopita nilikuwa nikizihangaikia kurasa chache za Richard Burton, yule Mwingereza aliyewasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857 pamoja na mwenzake Speke. Nilipofika mahali anapozieleza silaha za Wanyamwezi, kalamu ilikwama. Maneno nilikuwa nayo, lakini sikujua ni kipande kipi kinachofanya kazi ipi, wala kwa nini chembe kimoja kiwe kipana na kingine chembamba. Rafiki yangu mmoja, ambaye babu yake alikuja Unguja kutoka Unyamwezi kuchuma karafuu akabaki, akaniambia: “Kamusi haitakusaidia. Nenda kwa wazee wangu.”

Basi nikaenda. Safari ambayo misafara ya pembe ilikuwa ikiipiga kwa miezi, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, na ambayo reli iliifupisha ilipofika Tabora mwaka 1912, mimi niliimaliza kwa basi nikisinzia. Mjini sikukaa. Nililizuru tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akiwangoja wapagazi aliokuwa Stanley ameahidi kumpelekea kutoka pwani, kisha nikachukua gari la kwenda upande wa Urambo, kwenye misitu ya miyombo na mizinga ya nyuki, nikamkuta mzee niliyeelekezwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nimeambiwa umekuja kununua maneno.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Lazima niseme mapema kwamba mzee huyu hakuwa mwindaji tena. Mnyama wa porini leo hapigwi bila ya kibali, na silaha ya sumu imekatazwa na sheria. Uta wake aliutumia kulindia shamba, lakini aliutunza kama mtu anayetunza ala ya muziki, na hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Niliukuta umeegemezwa ukutani, upote umefunguliwa upande mmoja na kuning’inia. Nikadhani umeharibika. Akanifahamisha kwamba uta unaoachwa umevutwa mchana na usiku huchoka, ukazoea kule kupinda, ukasahau kurudi. Mti una kumbukumbu, alisema, na kumbukumbu mbaya haitoki.

Akaanza kuutengeneza mbele yangu. Upote wake ulikuwa wa mshipa wa mnyama uliosokotwa, na upote wa namna hiyo unavuta unyevu wa hewa: masika hulegea, kiangazi hukaza. Kwa hiyo kipimo cha jana si kipimo cha leo. Aliupachika, akapima nafasi iliyo baina ya upote na kishikio kwa ngumi yake na kidole gumba kilichosimamishwa juu ya ngumi, akaona haitoshi, akaufungua, akausokota zaidi ili ufupike, akaupachika tena. Mara tatu. Kisha akaudonoa kwa ukucha na kutega sikio. Mimi niliye na mazoea ya kuhesabu mizani kwa vidole nilijihisi niko nyumbani.

Akageukia mawano. Kila moja alilipitisha juu ya makaa, akalinyoosha kwa meno na mikono, akalitazama kwa jicho moja kutoka mkiani hadi nchani. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna mtunzi wa kwetu aliyewahi kuniambia. Mshale hautoki moja kwa moja kama tunavyodhani. Uta umekaa njiani! Upote unausukuma mshale kuelekea katikati ya uta, na mshale hauna budi kupita ubavuni mwa mti ule. Basi wano hupinda linapotoka, likaukwepa uta, likajirudi, likapinda upande wa pili, likapungua kupinda kidogo kidogo huku manyoya ya mkiani yakilituliza, mpaka likanyooka katika njia yake. Wano gumu kupita kiasi halipindi vya kutosha, likaenda mshazari upande mmoja. Wano laini kupita kiasi huenda mshazari upande wa pili. Wano lazima lilingane na nguvu za uta wake.

Na chembe ndicho kinachoharibu hesabu yote. Chembe kizito huifanya ncha ibaki nyuma kidogo pale upote unaposukuma, na wano lile lile lililokuwa sawa hupinda zaidi ya haki yake. Mzee alikuwa na namna nne katika kibuyu: ncha butu ya mti kwa ajili ya ndege, chuma chembamba kama jani la mpunga, chuma kipana cha kutoa damu nyingi, na kile chenye miiba ya kurudi nyuma ambacho zamani kilipakwa sumu na kufungwa ngozi ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Nikamwuliza, kwa ujinga wa mtu wa pwani, kama mwindaji huchagua chembe baada ya kumwona mnyama.

“Huwezi,” akasema. “Kila chembe kina wano lake, na kila wano lina uta wake. Ukitoka nyumbani umekwisha kuchagua.”

Niliandika maneno hayo nikiyahisabu kuwa ni ya ufundi. Usiku, tulipokwisha kula ugali na mlenda, ndipo nikajua kwamba yalikuwa ni ya kitu kingine.

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na katika miaka iliyofuata wizi wa ng’ombe na ujambazi ulizidi katika Unyamwezi na Usukuma. Watu walichoka kungojea polisi walio mbali, wakajipanga wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la wale siafu weusi wang’atao, sungusungu. Kila mwanamume alitakiwa awe na uta na mishale, na yowe likipigwa atoke. Serikali ilisitasita, ikawasifu, na mwaka 1989 ikawatambua kisheria. Walioishi wakati ule watakuambia kwamba ng’ombe walilala zizini kwa amani. Watakuambia pia mambo mengine, ukikaa nao mpaka moto upungue.

Mzee alikuwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana hodari wa kazi lakini mwenye uta mbovu. Kila akifuma, mshale unakwenda upogo, na wenzake wanamcheka. Mjomba akamhurumia. Akakaa naye siku nzima: akamchongea uta mpya, akausawazisha, akamtengenezea mishale sita yenye uzito mmoja, yote ya vyembe vya miiba, yote ya sumu, kwa sababu kijana alikuwa anakwenda kulinda usiku na si kuwinda kanga. Jioni ile kijana alifuma mshale mmoja mmoja katika mzigo wa nyasi, na yote sita ikasimama mahali ambapo mkono mmoja ungeweza kuikusanya. Mzee aliniambia kwamba aliona fahari.

Siku chache baadaye yowe likapigwa. Watu wakatoka. Kijana akaona kivuli cha mtu kikiswaga ng’ombe wawili kando ya mbuga, akakisimamisha kwa sauti, kivuli hakikusimama, akafuma. Mshale uliingia pajani, pale pale alipolenga, kwani alitaka kumzuia, hakutaka kumwua. Lakini chembe kilikuwa cha sumu. Mtu yule alikuwa wa kijiji cha jirani, mzito wa masikio, aliyekuwa amewapata ng’ombe wake mwenyewe waliopotea. Hakufika alfajiri.

Mshale ulijulikana ni wa nani, kwani kila fundi ana alama yake na ya mzee ni mikato mitatu chini ya manyoya. Kijana hakukana. Ila mbele ya baraza, alipoulizwa, alisema neno moja ambalo mjomba wake amelala nalo tangu siku ile: “Ningekuwa na uta wangu wa zamani, ningemkosa.”

“Nawe ukasema nini, mzee?”

“Nikanyamaza. Ilikuwa kweli.”

Msomaji, hili ndilo suala ninalotaka tulitazame, nami sitajifanya kwamba nimelimaliza. Mtu anayekiboresha chombo mpaka kikafanya hasa kile mwenye nacho anachokitaka, ana sehemu gani katika kile kinachotakwa?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Mhunzi hashitakiwi kwa kisu. Chombo hakina nia, na fundi hakuwapo mbugani usiku ule. Fiqhi yetu nayo imelitazama jambo la namna hii kwa makini kuliko wengi wanavyodhani: mfano unaopendwa na vitabu, wanapoeleza kuua kwa kukosea, ni wa mtu anayemfuma mnyama mshale ukampata mwanadamu. Baadhi ya wanazuoni wakaenda mbele zaidi, wakatenga kosa la mkono na kosa la dhana: yule ambaye mshale wake umepotoka, na yule ambaye mshale wake umefika alipotaka ila amemdhania mtu kuwa siye. Kijana alikuwa wa namna ya pili. Lakini hata katika mgawanyo huo mzuri, aliyesawazisha uta hatajwi.

Mimi naona jibu hilo ni sahihi kwa kadhi, ambaye lazima aseme aliyeua ni nani. Halimtoshi mzee, na sidhani kwamba halimtoshi kwa sababu ya huzuni tu. Uta mbovu unampa mwenye nao kitu ambacho hatukijui thamani yake mpaka kiondoke, nacho ni nafasi ya kukosa. Baina ya hasira ya mtu na mwili wa mwenziwe pana mambo mengi yanayopotea njiani: mkono unaotetemeka, upote uliolegea kwa umande, wano lililopinda. Mambo hayo yamewaokoa watu wengi kuliko huruma. Fundi anapoyaondoa moja baada ya moja, anaipunguza njia iliyo baina ya dhana na kifo, na siku dhana ikiwa ya uongo hakuna tena kitu cha kuizuia.

Bunduki zilizopita njia ile ile ya Tabora zina funzo lake katika hili. Gobore la karne ya 19, lililopanda kutoka pwani kwa wingi na ambalo Mtemi Mirambo alilitumia kuutikisa mji mwaka 1871, lilikuwa na sauti kubwa na shabaha ndogo. Wasafiri walilicheka. Sijui kama walifikiri ni watu wangapi waliorudi majumbani mwao kwa sababu ya ubovu ule wanaoucheka.

Lakini hoja hii, ukiiachia iende mbio, itakufikisha mahali pabaya: itakuambia kwamba ufundi mbovu ni wema. Nami siwezi kuikubali. Mwindaji anayefuma kwa uta usiosawazishwa anamjeruhi mnyama tumboni, akaenda kufa siku ya tatu katika kichaka, akioza na hakuliwa na yeyote. Kumnyima mnyama mshale ulionyooka ni dhuluma. Kwa hiyo usawa wa uta ni deni, na fundi analipa anapousawazisha. Tatizo haliko hapo.

Liko katika chembe. Ndipo nilipoyarudia yale maneno ya mchana: ukitoka nyumbani umekwisha kuchagua. Kijana alitoka na mishale sita iliyo sawa, na yote sita ilikuwa imekwisha kuamua kwamba atakayekutana naye ni mwizi na kwamba atakufa. Alipolenga paja alidhani anachagua huruma. Huruma hiyo alikwisha kuiacha nyumbani, siku ile alipokubali vyembe vya miiba peke yake. Wapenzi wa Fumo Liyongo mtakumbuka mwisho wa kisa chake: shujaa amekwisha kufa, amepiga goti karibu na kisima, uta mkononi umevutwa, na mji mzima unakaa na kiu siku kadhaa kwa kuogopa kumkaribia. Sisi huisimulia kwa kusifu haiba yake. Mimi siku hizi naisoma kwamba watu wa mji walikuwa na haki. Uta uliokwisha kutiwa mshale unayo nia yake, hata kama mwenyewe hayupo tena.

Nisiidhulumu sumu, maana nayo ina upande wa pili. John Kirk, tabibu aliyesafiri na Livingstone mtoni Zambezi kabla ya kuwa balozi hapa Unguja, alibeba sumu ya mishale iitwayo kombe mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akahisi mapigo ya moyo wake yanabadilika. Kutokana na mmea huo, Thomas Fraser wa Edinburgh akaitoa dawa iliyotibu maradhi ya moyo kwa miaka mingi. Ndugu ya mmea huo huota Tanzania bara, nao umepewa jina la Emin Pasha, aliyepita Tabora mwaka 1890. Kitu kile kile, basi, na moyo ule ule. Kiswahili kinalijua hilo bila ya Edinburgh: chembe ni ncha ya mshale, na chembe cha moyo ni pale chini ya kifua ambapo uchungu hukaa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili halikuniachia nilale usiku ule.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na Kiarabu changu nimejifunza mwenyewe kwa taa ya chemli, jirani mmoja aliniletea barua ya ndugu yake wa Maskati aliyelelewa huko na kuandika Kiarabu tu. Ilikuwa barua ya ugomvi wa nyumba ya urithi. Ndani yake palikuwa na neno la shina lile lile lililotupa sisi neno haini. Ningeweza kuandika, “hukuitunza amana.” Ilikuwa fasiri ya haki. Nilikaa na neno lile jioni nzima, nikalipima, nikaliona halitoshi, nikaandika: “umekuwa haini.” Lilikuwa sahihi zaidi. Niliona fahari, ile ile aliyoiona mzee mbele ya mzigo wa nyasi. Ndugu wawili hawakusemezana tena mpaka mmoja akafa.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba aliyefuma ni yule wa Maskati, na kwamba mfasiri hana neno lake. Ni utetezi wa mhunzi. Lakini yule wa Maskati alikuwa na uta wa zamani: alikuwa na umbali, na lugha asiyoijua nduguye, na hasira ambayo pengine ingepoa njiani. Mimi ndiye niliyeunyoosha mshale. Na katika karatasi ile sikuandika jina langu popote.

Asubuhi nilimwuliza mzee lililofuata. Baraza liliwatoza jamaa za kijana ng’ombe wa fidia. Yeye hakutozwa kitu. Alitoa ng’ombe mmoja kutoka zizi lake, akampeleka mwenyewe kwa miguu mpaka kwa mjane, na mjane akampokea. Kijana alihamia mbali na hakushika uta tena. Mzee aliendelea kuchonga. Hakuona kwamba kuacha kungemfaa mtu yeyote. Ila vyembe vya miiba hakuvifunga tena, na yule anayetaka uta kwake humwuliza kwanza ni wa nini, akangoja jibu mpaka alipate. Nikamwuliza kama alifikiri kuacha kutia ile mikato mitatu, kwa kuwa ndiyo iliyomfichua.

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. “Nimezidisha,” akasema. Akanionyesha: siku hizi ni minne.

Mwezi uliopita binti wa yule jirani yangu alibisha hodi. Amekuta barua ya ami yake katika kasha, ya Kiarabu, bila ya fasiri yangu, ambayo bila shaka ilichanwa zamani. Anataka aisomee watoto wake kwa Kiswahili, wajue kwa nini hawana ndugu Maskati. Hakujua kwamba nimekwisha kuifasiri mara moja, nimemweleza. Nimefika kwenye neno lile, na sijaona njia ya kulikimbia, kwani limeandikwa. Nitaliacha haini, na pembeni nitaandika kwamba lilikuwapo neno jingine la haki na kwamba aliyechagua hili, mara zote mbili, ni mimi. Kisha nitatia jina langu chini, kamili, na tarehe.